Jiwe la Kung'arishia Vyungu

Nimefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja, na bahari nimeiona mara moja tu. Siku hizi nalisema wazi. Zamani nililificha, maana nilikuwa nikichora mikondo ya bahari ubaoni kwa chaki za rangi, nikieleza kupwa na kujaa kwa sauti ya mtu aliyeogelea humo tangu utotoni, kumbe maji mengi niliyowahi kuyaona ni lambo la kunyweshea ng'ombe kule kwetu Ruiri, Meru, baada ya mvua. Wanafunzi hawakujua. Mwalimu akisema jambo kwa uhakika, hakuna anayeinua mkono kumuuliza amelijuaje.

Uhakika huo ndio ulionifanya nimvunjie mama mmoja jiwe lake. Habari ni hiyo, na nimechelewa kuiandika.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilimaliza chuo nikiwa na suti moja, redio moja na tumaini la kupangiwa shule kubwa ya mjini. Nikapangiwa shule ya harambee huko Mbeere, nyanda za chini za Embu, ambako saa tatu asubuhi mtu mzima tayari anatafuta kivuli. Walimu tulikuwa watatu. Wenzangu wawili walikuwa wenyeji, na kengele ya saa kumi ilipolia walipanda baiskeli zao wakaenda kwa wake zao na mbuzi wao. Wanafunzi nao walitawanyika vichakani kila mmoja na njia yake, na mimi nikabaki na nyumba ya mwalimu, chumba kimoja cha mabati, na kiwanja cha mpira kisicho na mtu.

Nilikuwa mpweke, na sitalizungusha. Toka Ijumaa saa kumi mpaka Jumatatu asubuhi ningeweza kukaa bila kusemeshwa. Betri za redio zilipoisha nilizianika juani zipate nguvu kidogo, nikasikiliza nusu ya habari, zikazima tena. Nilianza kumsalimia mjusi wa ukutani. Siku nilipojikuta nimenyamaza nikimngojea ajibu, nilitoka nje nikatembea mpaka barabarani na kurudi, kwa aibu.

Nilichotaka maishani wakati ule kilikuwa kimoja: kuondoka hapo. Niliwaandikia wakubwa wa elimu barua za kuomba uhamisho, kwa mwandiko wangu mzuri, na sikujibiwa hata moja.

Jirani yangu wa pekee alikuwa mama mmoja mfinyanzi, wa umri wa mama yangu mzazi, aliyeishi peke yake nyuma ya ua wa matawi ya miiba. Dada yake mdogo alikuwa akivuka mto siku za kuchoma vyungu kuja kumsaidia kubeba kuni, kisha anarudi kwake. Kwao kazi ya vyungu ni ya wanawake. Mwanamume hakaribii pale vinapofinyangwa, na moto wa kuchomea ndio hausogelei kabisa, la sivyo vyungu vitapasuka. Mama huyo alikuwa mwanakwaya, Jumapili hakosi kanisani, lakini hilo la wanaume na vyungu hakumwachia mchungaji aliamue.

Kwa hiyo nilimsikia kabla sijamwona vizuri. Kila alasiri nilisikia kitu kigumu kikisuguliwa taratibu juu ya udongo, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Nilipokuwa nikisahihisha madaftari nilijikuta ninafuata mwendo huo kwa kalamu.

Siku moja sauti ile ikakoma, na badala yake nikasikia mtu akiniita kutoka ng'ambo ya ua.

"Mwalimu. Kila jioni unaongeanga na nani huko ndani?"

Nilifikiria kudanganya. "Na mjusi, mama."

"Anajibu?"

"Bado."

Alicheka mpaka akakohoa. Kuanzia siku hiyo nilikuwa na mtu wa kuongea naye. Niligeuza debe tupu upande wangu wa ua, nikalifanya kiti, naye upande wake alikaa juu ya gunia na chungu mapajani. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, alichokiokota akiuza vyungu kwa wachuuzi waliovipeleka Runyenjes, na changu kilikuwa cha vitabu, tukakutana katikati. Alitaka kujua kama ni kweli watu wa Meru hulala na blanketi mbili. Alitaka kujua kama mama yangu anajua ninavyokula. Nilimwambia mama anadhani ninakula vizuri. Kesho yake alinipitishia kibuyu cha uji wa mawele kwenye nafasi kati ya matawi, na baadaye kila siku mbili tatu kilikuja kibuyu. Sijawahi kunywa uji mzuri kuliko ule, na nimekunywa uji wa watu wengi.

Nilijifunza kazi yake kwa kutazama kupitia miiba. Chungu kikishafinyangwa hukwanguliwa kwa gunzi la mahindi, kisha huachwa kivulini kinyauke. Halafu inakuja siku ya kung'arisha, na ni siku moja tu. Udongo ukiwa mbichi bado, jiwe linazama. Ukikauka sana, jiwe linapita juu bure na chungu kitavuja kama kikapu. Siku yenyewe ikifika, mfinyanzi haendi popote, hata kanisani.

Siku moja kama hiyo alichomwa na mwiba kidoleni. Jiwe lake la kung'arishia hakuliweka chini kamwe, kwa kuwa chembe moja ya mchanga ikilishika litakwaruza chungu kizima, basi akanipitishia nimshikie huku akitafuta mwiba.

Lilikuwa na urefu wa kidole changu cha kati, la mviringo, lenye umbo la risasi kubwa. Ncha moja ilikuwa butu na nyingine ilichongoka, laini kabisa. Rangi yake ilikuwa ya asali iliyokaa siku nyingi. Ubavu mmoja ulikuwa umelika ukawa bapa kwa kusugua. Jiwe hilo nililijua.

Chuoni mhadhiri wetu wa jiolojia alikuwa na kasha la mbao lenye visukuku, mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe, na siku moja alitupitishia kimoja kama hicho. Alikiita belemnaiti. Alituambia kwamba ni mnyama wa baharini, jamaa ya ngisi, aliyekuwa na mikono kumi yenye vikulabu na mfuko wa wino wa kumwagia adui. Walijaa baharini, kisha wakaisha wote kabla hajatokea mtu wa kuwaona. Mwili wao ulikuwa nyama laini tupu, kwa hiyo uliyeyuka. Kilichobaki ni kile kijiti kigumu kilichokuwa ndani ya mkia, kikageuka jiwe. Ukikivunja, alisema, utaona ndani miale imetoka katikati ikienda kando, na hapo hutakuwa na shaka tena.

"Mama," nikasema, "hii ilikuwa ndani ya mnyama."

"Mnyama gani?"

"Wa baharini. Ndugu ya ngisi. Hana mfupa, halafu ana mikono kumi."

"Kumi." Alitazama mikono yake miwili iliyojaa udongo. "Huyo angefinyanga."

"Waliisha zamani sana."

"Wote?"

"Wote, mama. Hakuna hata mmoja."

Alinyoosha mkono kwenye miiba, nikamrudishia jiwe. Alilifuta kwa leso yake akaendelea na kazi.

Sasa mtu mwingine yeyote, hata mchunga mbuzi, angemuuliza: mama, jiwe hili ulilipata wapi? Mimi sikuuliza. Katika kazi yangu maswali nayauliza mimi, na majibu ninayo tayari. Nilikuwa nimeshaamua kwamba lilitoka kwenye kingo za mto alikochimba udongo. Na kama lilitoka pale, basi bahari iliwahi kufika Mbeere, na hakuna kitabu kilichosema hivyo, na aliyegundua ni mimi. Miamba ya kule ni ya kale mno, imepikwa na joto la ardhi hadi haina kisukuku hata kimoja. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili akiandika kwamba belemnaiti hupatikana Mbeere ningemnyima alama bila huruma. Lakini nilikuwa na kiu ya kuondoka, na nilijiona tayari nimesimama mbele ya watu Nairobi nikieleza, na hakuna tena wa kuniacha kichakani.

Jumamosi nne mfululizo nilitembea kwenye mchanga wa mto nikichokonoa kingo kwa jembe dogo. Nilipata vigae, meno ya ng'ombe na ndoo iliyotoboka. Nikamwandikia mhadhiri. Yeye alijibu, kwa mistari mitatu: kutoka sehemu hiyo ana shaka sana, pengine ni jiwe la mto tu, na asiyeona miale ya ndani asiseme kitu.

Ijumaa nikaenda uani kumwomba mama jiwe.

"Hiyo sipeangi mtu, Mwalimu."

"Ni ya kutazama tu. Kesho asubuhi narudisha."

"Kesho ndio siku ya vyungu. Iko tisa hapo kwa kivuli."

"Asubuhi mapema, mama. Kabla jua halijapanda."

Alifikiri. Nilimwona akinitazama kupitia matawi, na nilijua anapima kama mimi ni mtu wa kuaminika, na nilijitahidi kuonekana hivyo. Mwishowe alilifunga kwenye kipande cha leso akalipitisha kwenye ile nafasi ya kupitishia uji.

Sikukusudia kulivunja. Nilikusudia kubandua kidogo tu kwenye ncha butu, mahali ambapo yeye hapatumii, nione ndani. Nilianza kwa tupa ya shule, nikapata vumbi jeupe tu. Nikaenda stoo nikachukua patasi na nyundo, nikaliegemeza jiwe kwenye kizingiti cha darasa, nikagonga mara moja, taratibu. Likakatika, si pale nilipogonga bali mbele zaidi, likawa kipande kirefu na kipande kifupi chenye ile ncha laini. Ilitoka harufu hafifu ya pembe iliyoungua.

Nikaona miale. Ilikuwa myembamba, ya rangi ya kahawia, imetoka katikati ikaenea pande zote kwa mpangilio mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukichora ubaoni. Nilifurahi. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi nikikumbuka, kwamba nilifurahi kwanza, nikapiga hatua mbili tatu mle darasani peke yangu nikicheka, na hofu ikaja baadaye.

Niliviunganisha vipande kwa gundi ya kubandikia soli za viatu, nikavibana kwa kamba, na asubuhi nikaenda navyo uani. Kwa mbali ungeona jiwe zima.

Alikuwa ameshakaa. Vyungu vinane vilikuwa kando yake, cha tisa mapajani. Alipokea jiwe, na kabla sijatamka nilichokuwa nimejipanga kusema, kidole gumba chake kilipita mahali pa gundi kikasimama. Akabonyeza kidogo. Likaachana. Kipande kirefu kilibaki mkononi mwake, na kile kifupi kikadunda kwenye tawi kikaanguka upande wangu, chini, mchangani.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Nilitaka kujua kama ni ya hapa."

"Si ya hapa." Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. "Hiyo ilitoka Mombasa. Bwana yangu alikuwa anachimba barabara huko, kabla ya uhuru. Alikuja nyumbani mara moja, Krismasi. Wengine walileta leso, walileta sukari. Yeye aliingiza mkono kwa koti akatoa hiyo. Watu walicheka sana. Lakini aliniambia, nilikuwa nachimba, nikaiona, nikaona mkono yako." Alikuwa akikigeuza kipande kile vidoleni akitafuta pa kukishika. "Akarudi kazi. Hajakuja tena."

Kando ya ua ule nilipata aibu mbili kwa pamoja, na nakiri kwamba iliyonipata kwanza ilikuwa ile ya jiografia. Mombasa. Bila shaka Mombasa. Ile nyingine ilichukua muda kidogo kufika, na ilipofika haikuondoka. Mtu alisimama kwenye shimo, jua kali, msimamizi nyuma yake, na alipoona kijiwe akamkumbuka mke wake na kazi ya mikono yake. Mimi nimekaa nikinywa uji wa mke huyo nisimuulize hata swali moja.

"Sasa enda, Mwalimu," alisema. "Wanaume hawakai hapa."

Hakuwahi kuniambia hivyo kabla ya hapo. Niliinama nikaokota kile kipande kifupi, nikakitia mfukoni, nikachukua na debe langu nikaondoka. Nyuma yangu kazi ilianza, kwa kuwa vyungu havikuweza kungoja. Sauti ilikuwa imebadilika. Kusugua kulikwenda vizuri mpaka alipofika shingoni, ambako alizoea kutumia ile ncha laini, na hapo nikasikia mkwaruzo.

Niliishi pale miaka miwili zaidi. Uji haukuja tena, wala sikuutarajia. Alasiri nilisikia kusugua kule na ule mkwaruzo mwishoni, nikafunga mlango hata kukiwa na joto. Mjusi sikumsalimia tena.

Tulikutana njiani mara nyingi, yeye akitoka mtoni na udongo mgongoni, mimi nikienda dukani. "Habari, Mwalimu," aliniambia. "Nzuri, mama." Halafu alikuwa akisimama kidogo. Salamu imekwisha, njia ni pana, na bado amesimama na mzigo wake mzito, akinitazama. Niliona ananionyesha kosa langu. Nilitazama viatu vyangu nikapita.

Na kile kipande kifupi nilikuwa nacho wakati wote, kwenye mfuko wa koti. Nilijiambia kwamba kumrudishia ni kumtonesha kidonda. Hiyo ni nusu ya kweli. Nusu nyingine ni kwamba nilipenda kukitazama. Jioni nilikitoa nikaigeuza ile miale kwenye mwanga wa mlangoni, na kwa dakika chache nilijiona mtu aliyesoma, asiye wa pale.

Uhamisho ulikuja hatimaye, bila ugunduzi wowote. Nikapelekwa Kianjokoma, juu kwenye mashamba ya chai, ambako kuna ukungu na watu na maziwa. Nilidhani nitakuwa na furaha. Nilikaa kwenye chumba chenye majirani pande zote mbili, nikawa mpweke vilevile, ila sasa kwa baridi. Mwaka wa tatu, sokoni Runyenjes, nilipita kwa mchuuzi wa vyungu, mwanamke mnene aliyekaa katikati ya mali yake. Mitungi yote iliyokuwa mbele yake iling'aa tumboni, na shingoni kila mmoja ulikuwa na mstari mwembamba uliokwaruzwa kuzunguka.

Nikachagua mmoja. Mchuuzi alikuwa mtu mwaminifu.

"Hiyo iko na alama, Mwalimu. Zote za huyo mama ziko hivyo. Ngoja nikupatie ya mwingine."

"Nataka hii."

"Haya. Maji itakaa tu."

Kipande kilikuwa mfukoni. Ningeweza kumpa pale pale, nikamwambia, mpelekee mwenye mitungi hii. Alikuwa akienda kwake kila mwezi. Nilisimama mpaka akaniuliza kama nimesahau kitu, nikasema hapana, nikabeba mtungi wangu.

Miaka ikapita tena. Nilioa, mke wangu akafariki mapema, Mungu hakutujalia mtoto, na hilo sitaliandika hapa. Kisha shule yetu ikapata basi na nikawapeleka wanafunzi wa jiografia Mombasa. Hiyo ndiyo mara moja ninayoisema. Wanafunzi walipiga kelele walipoona maji. Mimi niliuliza lilipo soko la samaki.

Nilikuwa nimefundisha habari za ngisi nusu ya maisha yangu bila kumwona. Muuzaji alimtoa kwenye barafu akamlaza kwenye ubao, na mnyama akatandazika, laini, wa rangi ya waridi, macho makubwa, mikono kumi imelala ovyo. Nikaomba nimshike. Hakuwa na mahali pa kumshikia, kila nilipomwinua aliteleza upande mwingine. Muuzaji alinionea huruma, akampasua kwa kisu, akavuta kutoka mgongoni kitu kirefu, chembamba, kinachopitisha mwanga kama kucha, akakitupa kwenye ndoo ya taka.

"Hicho ni nini?" nikamuuliza. Nilijua. Nilitaka kumsikia.

"Hicho ndicho kinachomsimamisha, mwalimu. Hakina kazi kwako, hakiliwi."

Wanafunzi walikuwa wakiniita. Nilisimama nikiitazama ndoo ile. Sijui kwa nini ilikuwa hapo na si Runyenjes, wala si njiani miaka yote ile, lakini hapo ndipo nilipoona vizuri nilichokuwa nimekizuia mfukoni. Tuliporudi tu, wiki hiyo hiyo, nilishuka Mbeere.

Nyumba ya mwalimu ilikuwa bado ipo, imegeuzwa stoo ya mahindi. Ua wa miiba haukuwepo. Mwanamke mmoja alikuwa akipepeta ndengu pale ulipokuwa, na ilinichukua muda kumtambua: yule dada mdogo, sasa mzee. Yeye alinitambua mara moja.

"Wewe ni yule mwalimu wa mjusi."

Sikujua kwamba alihadithiwa. Akanipa kigoda, akaniambia dada yake alifariki wakati wa mvua zilizopita, na kwamba yeye alihamia hapo kumuuguza. Alisema kwa utulivu, ungo ukiwa bado mapajani. Nikatoa kipande, nikakiweka juu ya kiganja, nikamwonyesha.

Alikitazama akaitikia kwa kichwa.

"Ndiyo hiyo. Alisema unayo." Akarudi kwenye ndengu zake, akatoa kijiwe, akakitupa. "Ile ingine alitumia mpaka ikawa ndogo kama haragwe. Haiwezi kung'arisha tena, lakini alikuwa anaishika tu. Mimi nilimwambia, si uende umwambie mwalimu akurudishie ile kipande yako, nyumba si ni hapa tu? Akakataa. Alisema, hiyo si ya kuitisha, ataleta mwenyewe, ni mtoto wa watu wazuri. Alisema, nikikutana na yeye njiani nasimamanga kidogo, ndio nimpatie nafasi."

Nilimuuliza kama dada yake alikuwa na hasira nami.

"Ya nini? Jiwe huvunjika. Alikuwa anangoja tu." Akapepeta. "Halafu ukahama, akasema, basi, huyu pia ameenda."

Nilimwomba akichukue. Akasema yeye hafinyangi, na mwenyewe hayuko. Nikamuuliza lile dogo liko wapi, nikifikiri vingekaa pamoja. Akaniambia siku ya mwisho lilikuwa ndani ya ngumi ya dada yake, na hawakuifungua ngumi, walimzika nalo.

Alinipa uji. Nikaunywa wote.

Sasa nimestaafu, niko Ruiri, kwenye upepo wetu, peke yangu na mtungi. Maji yake ni baridi na hayavuji. Kipande kifupi kimo kwenye droo ya meza, ncha yake laini kama ilivyokuwa, kwa sababu hakijagusa udongo tangu siku ile.

Kabla ya kuondoka Mbeere nilifanya jambo moja ambalo yule dada alilitazama asiniulize. Nilikwenda mpaka kwenye mlango wa ile stoo ya mahindi, uliokuwa mlango wangu, nikageuka, nikakishika kipande mkononi, nikatembea mwendo wa kawaida hadi pale ua ulipokuwa. Nilitaka kujua ni mbali kiasi gani. Ni hatua ishirini na mbili.